Leo Mwezi Ngapi?

Asubuhi ya kwanza nilitundika ubao barazani, nikaandika tarehe kwa hati nzuri kama mwalimu wangu wa darasa la tano alivyokuwa akifanya. Wanafunzi wangu walikuwa watatu. Wa kwanza binti yangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye pumu ilimla nusu ya mwaka wa masomo, nikaona bora nimpumzishe nyumbani mpaka apate nguvu. Wa pili mtoto wa dada yangu, miaka kumi, aliyeletwa Pemba kutoka Maskati, Oman, akiwa na Kiswahili cha salamu tu, skuli ikasema arudi mwakani akishaweza kusoma. Wa tatu kitinda mimba wangu wa miaka mitano. Huyo hakuna aliyemwandikisha, alijiandikisha mwenyewe kwa kukaa mbele.

Mimi si mwalimu. Niliishia kidato cha nne, nashona nguo, na sayansi niliyotoka nayo skuli ilikuwa ya kukariri. Vitabu niliazima kwa jirani anayefundisha, nikawa nasoma usiku ili mchana nijifanye najua. Wiki mbili tulikwenda hivyo. Mtoto wa Maskati alikuwa akiandika kila neno nililolitamka, hata nikikohoa nahisi angeandika. Binti naye alikuwa akikohoa kweli, maana chaki haikumwacha. Kwa hiyo nikiulizwa nani aliyenipa wazo la kuwafundishia watoto nje, jawabu ni chaki.

Kwetu ni kaskazini mwa Pemba, baina ya Wete na Konde. Ukishuka bondeni nyuma ya nyumba, ukapita mikarafuu na shamba la muhogo, unatokea kwenye hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lenye mikoko pande zote mbili na diko dogo ambapo ngarawa zinapaki. Siku hiyo tulishuka na kitabu. Nikawasomea tukiwa tumekaa juu ya gogo: bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita siku zote, hutokea mwezi ukiwa mwandamo na ukiwa mpevu, kwa sababu jua na mwezi huvuta maji kwa mstari mmoja, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, huja mwezi ukiwa nusu, vinapovuta kwa pembe, na kila siku maji huchelewa kujaa kwa dakika 50. Mtoto wa Maskati akaandika. Kisha akanyanyua kichwa akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "Mamdogo, wewe umepima?"

Nilitaka kumwambia mtu hapimi kitu kilichokwisha andikwa kitabuni. Bahati nzuri sikusema.

Tulimwomba mzee mmoja wa diko upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, mkongwe uliopasuka ncha. Tukaupiga mistari ya rangi iliyobaki nilipopaka mlango, mweupe na mwekundu, kila sentimita kumi, tukaandika namba kwa msumari uliotiwa motoni. Tukauchomeka kwenye tope pembeni mwa hori. Siku ya tatu haukuwepo. Tulihangaika tukidhani maji yameuchukua, kumbe kijana mmoja alikuja diko akakuta upondo mzuri umesimama bure, akautumia kusukumia dau lake mpaka ng'ambo. Aliurudisha kwa kucheka, akasema alidhani ile mistari ni urembo. Safari ya pili tuliufunga kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya gati bovu, na kitinda mimba akachora juu yake uso wa mtu mkali.

Kila siku tukawa tunangoja maji yajae yasimame. Kusimama kwa maji ni jambo linalohitaji subira, na ndilo lililonifunza kufunga mdomo. Maji hayakuambii "sasa". Unaona jani kavu likielea kwenda ndani, kisha linapunguza mwendo, kisha linazunguka mahali pamoja kama limesahau lilikokuwa linakwenda, kisha linaanza kurudi taratibu. Hapo ndipo binti alikuwa akisema "soma!" na mwenzake anasoma namba, na saa inaandikwa. Kwa kuwa mawimbi madogo yalikuwa yanapandisha na kushusha, walianza kugombana nani kasoma sawa. Wenyewe wakakubaliana kusoma mara tatu na kuandika namba ya katikati. Sikuwafundisha hilo. Ningewafundisha, pengine ningesema wachukue kubwa.

Mama yangu mzazi, ambaye nyumba nzima tunamwita Bibi, alikuwa akituona tunapanda na kushuka na daftari, hasemi kitu. Alichokoa pweza na kuokota chaza kwenye bahari hii kwa miaka zaidi ya arobaini. Jioni moja aliwaita watoto akawauliza, "Leo mwezi ngapi?" Binti akajibu kwa haraka, "Mwezi wa tatu, Bibi." Bibi akatikisa kichwa. Mtoto wa Maskati ndiye aliyeelewa, kwani kwao kalenda ya Kiislamu ipo ukutani katika kila nyumba. Akahesabu vidole, akasema, "Kumi na mbili." Bibi akamvuta akambusu kipaji cha uso. Tangu siku ile kila ukurasa wa daftari una tarehe mbili, ya kalenda ya kawaida na ya mwezi wa angani, na ya pili ndiyo yenye kazi, kwa kuwa mwezi mosi ni mwezi mosi tu, huhitaji kutazama angani kujua maji yatakuwaje.

Basi ikafika mwezi kumi na nne. Nilikuwa nimewaahidi kwamba siku hiyo maji yatafika juu kabisa, na kitinda mimba alikuwa amevaa shati la sikukuu. Saa kumi na robo alasiri maji yalisimama kwenye sentimita 310. Wakashangilia. Mwezi kumi na tano, 325. Wakanitazama. Mwezi kumi na sita, 338. Kumi na saba, 336. Kumi na nane, 320.

"Mama, kitabu kimekosea," binti akasema. Mwenzake akasema labda upondo umezama kwenye tope, hoja ambayo ilinifurahisha mno, kwani ilikuwa hoja ya mtu anayekishuku kipimo chake kwanza. Tukakagua fundo la kamba, halijasogea. Nikaenda kwa Bibi nimeshika daftari kama mtu anayepeleka mashtaka. Alikuwa anachambua mchele. Hakunyanyua hata uso.

"Bamvua la kumi na nne huja kumi na sita. Kwani hujui?"

Nilikuwa sijui. Nimezaliwa mita mia tatu kutoka kwenye hori lile, sijui. Jirani mwalimu alinieleza baadaye kwamba kitabu hakijakosea, kimefupisha: mvuto huwa mkubwa siku ya mwezi mpevu, lakini bahari ni kubwa na nzito, haitii amri papo hapo, hivyo mahali pengi maji makubwa kabisa huja siku moja au mbili baadaye. Nilipowaeleza watoto, nilianza na namba zao, nikaja kwa maneno ya Bibi, kitabu nikakiweka mwisho. Utaratibu huo nimeushika mpaka leo.

Zile dakika 50 nazo zilituchosha. Wakati wa bamvua maji yalikuwa yakichelewa dakika 40 hivi kutoka siku hadi siku. Yakikaribia maji mafu yanachelewa zaidi ya saa nzima, na siku nyingine tuliyangoja kama wageni wa harusi. Binti alikasirika kabisa. Tukaandika tofauti zote za mwezi mmoja kwenye mstari, tukazijumlisha, tukagawa. Jawabu lilitoka 50 na ushei. Niliona uso wake ukibadilika. Wastani alikuwa amefundishwa skuli darasa la tano, kwa mfano wa alama za wanafunzi wa kubuni. Siku ile ndiyo aliyoelewa kwamba wastani ni namba ambayo huenda isitokee hata siku moja.

Mikoko nayo ilikuwa na mambo yake. Nikiwa sina la kufundisha asubuhi moja, niliwaambia kila mtu alete jani moja aniambie kitu ambacho mimi sikijui. Kitinda mimba akaleta jani la mchu, mti wa jamii ya mikoko, lenye tumbo la kijivu, akasema, "Hili lina chumvi," na ulimi nje. Alikuwa ameshalilamba. Mtoto wa Maskati aliona kinyaa, kisha wivu ukamshinda akalamba naye. Ni kweli, ukilitazama jani la mchu juani unaona vijipunje vyeupe vinavyomeremeta, na ukipitisha kidole vinakwangua kama sukari. Tukalamba jani la mkoko hasa uliokuwa karibu yake, umesimama kwenye tope lile lile: hakuna kitu. Tukayafuta majani kumi ya mchu kwa kitambaa chenye maji matamu, tukayafunga uzi mwekundu wa cherehani, tukarudi siku ya pili. Chumvi imerudi.

"Linatokwa na jasho," mtoto wa Maskati akasema. Sentensi yake ya kwanza ya Kiswahili isiyo na kosa, na ilikuwa ya sayansi.

Niliwaeleza nilichosoma usiku: mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mizizini isiingie, mchu huiachia ipande na maji kisha huitoa kwa vitundu vidogo vya majanini. Binti akauliza kwa nini Mungu hakuipa yote njia moja. Nikasema sijui. Akaniangalia kuona kama nina hasira, akaona sina, akaandika swali nyuma ya daftari. Huo ndio mwanzo wa ukurasa wetu wa "hatujui", ambao sasa umekuwa kurasa nne.

Sasa niseme na yale nisiyojivunia.

Karafuu. Tuna mikarafuu michache ya urithi, na msimu ulipofika niliona nafasi ya somo la uzito. Tulichuma, tukachambua makonyo, tukapima kwa mizani ya duka kilo tatu za karafuu mbichi, tukazigawa kwenye majamvi mawili, kilo moja na nusu kila moja. Kila jioni watoto walikuwa wapime na kuandika. Siku ya tatu niliketi na nguo ya bibi harusi cherehani, nikawaambia watazame mawingu. Wao wakaona saa ya upondo imefika, wakashuka horini. Mvua ikaja kutoka upande wa Konde bila hodi. Niliwahi kulikunja jamvi moja; la pili lililowa chapa, na mawingu hayakutoka kwa siku mbili.

Karafuu za jamvi lililonusurika zilikauka zikawa na rangi ya kahawia nzito, ukikunja moja inakatika kwa mlio, na mizani ikasoma gramu 500: theluthi moja ya ulichoanza nacho, na theluthi mbili zilikuwa maji. Zile zilizolowa zilipauka, zikafanya ukungu mweupe, hazina mlio wala harufu. Watoto walifurahi, wakasema wamepata kitu cha kulinganisha. Bibi hakufurahi. Alisema kwa sauti ya chini, "Hizo zilikuwa sare za skuli." Alikuwa na haki. Majaribio mengine yote tumeyafanya kwa vitu visivyo na bei: majani, tope, kivuli cha mnazi. Mtu asifundishie watoto juu ya jamvi la riziki, hata kama somo ni zuri.

La bahari lilikuwa zito zaidi. Ilikuwa mwezi kumi na saba, bamvua, maji yamekupwa saa tano mchana mpaka unaona mafungu ya mchanga ambayo siku nyingine hayapo. Tulitoka nje ya hori, tukapita mikoko, tukafika fungu la mbali wanakookota chaza. Sijapata kuona watoto wamefurahi vile. Kiti cha pweza chekundu wakakigeuza wakaona miguu yake midogo mamia ikitafuta ardhi; jongoo bahari akawatemea nyuzi nyeupe zinazonata, kitinda mimba akapiga kelele dunia nzima ikasikia. Binti alikuwa anachora, pampu yake ya pumu ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni shingoni. Nami nilikuwa nimeinama nikitazama, kwani nilikuwa mtoto wa nne siku ile.

Mama mmoja aliyekuwa akirudi na kikapu chake akanipigia ukelele kutoka mbali. Sikumwelewa, niliona anaelekeza mkono nyuma yangu. Nikageuka. Mbele yetu fungu lilikuwa kavu kama nilivyoliacha. Nyuma, kati yetu na mikoko, mkondo tuliouvuka kwa maji ya kifundo ulikuwa umeshajaa, unakwenda kwa nguvu bila kelele yoyote.

Maji hayakuja kutoka baharini kama nilivyofikiri yangekuja, usoni, nikayaona. Yalipita chini, kwenye mkondo, yakatuzunguka. Nilimbeba mdogo begani, mtoto wa Maskati akashika kanga yangu, binti akashika mkono wake, tukavuka maji yamenifika kiunoni na binti kifuani. Daftari lilisalimika kwa kuwa alilibana kwa meno. Yule mama alitungoja ng'ambo mpaka tukafika. Sikumwamkia hata shikamoo, nilikaa chini. Akaniambia, "Mwanangu, maji yakisimama unageuka. Hungoji yaanze kujaa." Kitu ambacho tulikuwa tunakiandika kila siku kwenye daftari, kusimama kwa maji, sikukijua kwamba ni kengele.

Usiku ule sikulala. Nilifikiria kuacha. Lakini ukweli ni kwamba watoto hawa wangekwenda mafunguni hata bila mimi, kama sisi sote tulivyokwenda. Tulichobadilisha ni hiki: hatutoki hori bila mtu mzima wa pili anayeijua bahari, viatu vya raba lazima kwa sababu ya samaki taa na miiba, na kila mtoto, hata mdogo, anatakiwa aseme saa ya kusimama kwa maji kabla hajavua kandambili nyumbani. Asiyejua haendi. Mara mbili mimi ndiye niliyekosea, nikabaki.

Bibi naye, baada ya kisa hicho, alianza kutoka nasi, na ndiye aliyetuonesha Kilimia. Mwezi Aprili, baada ya sala ya magharibi, alituonesha kile kishada cha nyota kikiwa chini upande wa machweo, akatuambia: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mimi niliona nyota sita, mtoto wa Maskati saba, kitinda mimba akasema tisa na nadhani hakudanganya, macho yake bado mapya. Kila jioni kilikuwa chini zaidi, na Mei kikapotea, masika yakiwa yanamwagika hasa. Juni nzima tukawa tunaamka kabla ya alfajiri kutazama mashariki, tumejifunika kanga kwa baridi ya kipupwe. Tulikiona siku moja kimeinuka juu ya minazi, na mbingu hazina wingu.

"Umeona?" Bibi akasema.

Mtoto wa Maskati, ambaye kwa wakati huo Kiswahili chake kilikuwa kimekaa sawa mpaka anabishana, akamuuliza kwa adabu, "Bibi, mara moja inatosha kujua ni kweli?" Nilidhani atakemewa. Bibi akafikiri. "Mimi nimeona mara nyingi imekuwa hivyo," akasema, "na mara nyingine haikuwa." Ndipo akaagizwa na wajukuu wake aseme miaka ambayo haikuwa, na akatoa mmoja, mwaka aliomzaa mjomba wao, mvua ilinyesha mpaka msimu wa karafuu. Imeandikwa daftarini kwa wino.

Binti amesharudi skuli, na mtoto wa Maskati kaingizwa darasa la tano. Mwalimu wake alinisimamisha njiani akasema ni mwanafunzi mzuri ila ana tabia ya kuuliza "nani kapima?" Sikujua niombe radhi au nishukuru. Ijumaa na Jumamosi bado wanashuka na daftari la tatu sasa. Upondo tumeubadilisha, ule wa kwanza uliliwa na wadudu wa baharini ukabaki kama sega.

Kwenye kurasa za "hatujui" lipo swali moja linaloninyima raha. Kitinda mimba ndiye aliyeliuliza: kama mwezi ndio unaovuta maji, na mwezi hupita juu yetu mara moja kwa siku, mbona maji hujaa mara mbili? Nimesoma. Najua kwamba maji huinuka upande unaoutazama mwezi na upande wa pili pia, kwani huko mvuto ni hafifu zaidi kuliko unavyoivuta ardhi yenyewe. Nimejaribu kulieleza mara mbili, mara ya kwanza kwa chungwa na kamba, mara ya pili kwa ndoo ya maji niliyoizungusha mpaka nikajimwagia. Amenisikiliza kwa heshima zote. Kisha amesema, "Bado, Mama," akaliacha swali pale pale bila kulipiga mstari.

Kesho mwezi kumi na sita. Maji yatakupwa yasimame saa tano kasorobo asubuhi. Kanitajia mwenyewe, na viatu vyake vya raba ameshaviweka mlangoni.